Karatasi ya Kijani

Mtu akiingia kwenye kurunzi, mtambo unaopiga picha za ndani ya mwili, huambiwa mambo matatu: vua chuma, kanyaga nyayo zilizochorwa, na ukisikia kengele bana pumzi. Basi. Dakika nane baadaye anatokea upande wa pili na karatasi mkononi. Kijani, nenda nyumbani, wewe mzima. Njano, mwakani wahi kurudi. Nyekundu, kaa hapohapo, ndege ya Kampuni inakuja kukuchukua ikupeleke kupasuliwa.

Hakuna anayelipa. Malipo ni picha yenyewe, na picha ni ya Kampuni. Hilo limeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa lori linalobeba kurunzi, na watu walishaacha kulisoma.

Mimi nilikuwa dereva wa lori hilo na fundi wa mtambo wake kwa pamoja. Jina langu Mhoja Kasubi. Nimefanya kazi nyingi kabla ya hiyo: nimechimba Kahama, nimeendesha magari mpaka Lubumbashi, nimesoma umeme kwa mapadri wa Tabora miezi minane nikaacha, nikasoma tena ukubwani kwa vitabu vya mashine. Kazi moja kwa miaka minne sikuwahi. Kurunzi ilinishika kwa sababu ilikuwa kazi ya kuhamahama, na kwa sababu niliona kwa macho yangu inaponya watu. Mwalimu mmoja wa Bahi alipewa nyekundu huku anacheka, hana hata kikohozi. Leo bado anafundisha.

Mwaka ule wa nne tulifika Nzogole mwezi wa saba, na Sechelela Ndahani akawa wa kwanza kwenye foleni kama kawaida yake. Mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa zabibu, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Yeye ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu waje kwenye kurunzi, na walikuja kwa sababu ni yeye kasema.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Usinichafulie Kigogo. Hivi wewe Mnyamwezi hujafa bado?"

"Nikifa nani atakubebea mzigo?"

"Hilo kweli. Ninyi hata kaburini mnaingia na mzigo kichwani." Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Babu yake huyu alipita hapa na msafara, kiu imembana, ulimi uko nje. Babu yangu akamwonea huruma, akampa maji kwenye kibuyu. Akanywa, akajifuta, akaondoka na kibuyu!"

"Hakukichukua. Kibuyu kilimfuata chenyewe. Kilichoka kutumwa kuomba chumvi kwa majirani."

Foleni nzima ikacheka. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani anaweza kukuumbua mbele ya wakwe zako, akakukamatia jogoo wako, akakuzulia kifo ukiwa hai, nawe huna ruhusa ya kununa. Mambo mengi yamekufa siku hizi. Treni inakwenda bila dereva, mvua inaitwa kwa unga unaomwagwa na ndege. Utani haujafa.

Nami nilikuwa na desturi ya kumtangazia Sechelela ugonjwa kila nikimpa karatasi yake. Mwaka wa kwanza nilimwambia ana chura tumboni. Wa pili, mapafu yamejaa ugoro. Wa tatu, kurunzi imetafuta moyo imekosa. Safari hii karatasi ikatoka kijani, nikaipunga juu watu waione.

"Pole, mtani. Una mimba ya punda."

"Basi nitazaa Mnyamwezi," akasema.

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sechelela akaikunja ile kijani mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake shambani.

*

Kurunzi haitumii ile miale ya zamani iliyounguza. Inapitisha mawimbi membamba mwilini, na pete kubwa inayokuzunguka inasikiliza yanavyorudi, kama mtu anavyogonga tikiti maji kusikia limeiva au bado. Tofauti ni kwamba kurunzi inasikia mpaka punje ya ulezi iliyojificha ndani ya ini. Kazi ya fundi ni kuipima pete kila siku isije ikaanza kuota mambo ambayo hayapo.

Siku ile upepo ulikuwa umeangusha mnara wa mawasiliano. Kila adhuhuri mtambo hupokea maagizo mapya kutoka kwa Kampuni, na ya siku hiyo yalifika nusu yakakatika. Nilipofungua kioo kidogo cha fundi nyuma ya lori nipime pete, nikakuta kitu ambacho hakikuwapo jana. Miaka minne kioo kile kilinionyesha namba, jina na rangi. Sasa kilikuwa na rangi mbili. Moja imeandikwa *rangi halisi*. Nyingine imeandikwa *rangi ya kutoa*.

Nikadhani mtambo umeugua. Nikashuka na kidole. Kijani, kijani. Njano, njano. Nyekundu, nyekundu. Kijani, kijani.

Ndahani, Sechelela. Rangi halisi: nyekundu. Rangi ya kutoa: kijani. Pembeni: *Mfululizo, mwaka wa nne. Asiguswe.*

Nikabonyeza. Zikafunguka picha nne za figo moja la kushoto, mwaka kwa mwaka. Mimi si daktari, lakini fundi anayepima pete kila siku anaijua sura ya figo kama dereva anavyoijua sauti ya injini yake. Mwaka wa kwanza kulikuwa na kidoa, punje ya mtama. Mwaka wa pili punje ya hindi. Wa tatu, zabibu. Asubuhi ile, limao. Bado lilikuwa ndani ya ganda la figo, halijatoka kwenda popote. Nimewahi kuona watu wenye kubwa kuliko hilo wakipewa nyekundu, wakatolewa figo moja, wakarudi kushika jembe.

Nikaendelea kushuka. Katika kanda nzima walikuwa arobaini na mmoja wa namna hiyo. Saba walikuwa wa Nzogole. Mmoja wa hao saba ni Amosi Ndahani, mdogo wake Sechelela wa tumbo moja. Pafu la kulia, mwaka wa kwanza. Asiguswe.

Saa kumi mnara ukasimamishwa, maagizo yakamalizika kuingia, na ile safu ikafutika mbele ya macho yangu. Nilijua haijafutika. Imefunikwa tu. Picha halisi zinakaa chini ya mtambo, nyuma ya lakiri, waya mwembamba wenye taa ya buluu. Tuliapishwa sote mafundi juu ya waya ule: anayeukata ameua mtambo. Picha zinabaki wazi dakika tatu, kisha unajifunga wenyewe na haufunguliwi tena na mtu yeyote.

*

Jumapili niliazima pikipiki nikaenda Dodoma kwa Daktari Theonest Rwiza, msimamizi wa kanda. Kijana wa Kihaya, mpole, mwenye adabu zake. Alinipokea kwake, akanipa kiti kizuri, akamwita binti alete chai. Nilipomaliza kusema hakushtuka. Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Daktari."

"Ni maagizo yale nusu. Niliogopa hivyo." Akaweka kijiko chini. "Mzee Mhoja, jicho la kurunzi halikuzaliwa linaona. Linafundishwa kwa picha. Sasa niambie, huko kwenye nchi za wenye kurunzi, mtu akionekana na uvimbe leo, anafanywa nini?"

"Anapasuliwa."

"Wiki hiyohiyo. Kwa hiyo picha ya uvimbe mchanga wanayo, tele. Picha ya mtu yuleyule mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, uvimbe haujaguswa, hawana. Hawana popote. Na bila hiyo jicho halijui upi utaua na upi utalala tu miaka ishirini. Kampuni ikiwa nayo, hospitali zote za dunia zitapiga foleni kulinunua jicho lake."

"Kwa hiyo Sechelela ni somo."

"Mmoja katika kila nyekundu kumi na sita. Wanachaguliwa na mtambo. Mimi sichagui."

"Wewe unajua."

"Ninajua." Kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. "Na ninajua na hili: nyekundu mia sita na kumi na mbili, miaka minne, kanda hii peke yake. Unawafahamu, umewabeba wengine mgongoni mpaka kwenye ndege. Nani aliwahi kuleta ndege Nzogole? Wale arobaini na mmoja ndio nauli ya ile ndege. Mkataba uko wazi: siri ikivuja kwenye kanda, kurunzi ya kanda inaondolewa, haitarudi. Mwambie huyo mama. Halafu mwakani simama wewe, si mimi, uwaambie wengine mia na hamsini kwa nini hakuna mtu wa kuwaona mapema."

"Aende hospitali ya kawaida basi," nikasema.

"Ana kijani. Hospitali ipi itampiga picha mtu mwenye kijani? Wanamrudisha mlangoni. Ndiyo makubaliano." Akanisogezea sahani ya maandazi. "Kula, mzee wangu. Safari ni ndefu."

Nikala. Ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko maneno yake yote, kwamba nilikula maandazi mawili.

*

Njiani kurudi nikajiona mjanja. Mkataba unakataza siri kuvuja. Lakini neno la mtani si siri wala si ushahidi. Hakuna baraza, hakuna polisi, hakuna kampuni duniani inayoweza kumshitaki mtu kwa alichomwambia mtani wake; kila mtu anajua ni mchezo. Nitamwambia Sechelela kwa utani, yeye ni mwerevu ataelewa, atajua la kufanya, na kurunzi itabaki. Nitaokoa wote. Nilikuja napiga mluzi kwenye pikipiki ya watu.

Jumanne asubuhi nikamkuta shambani anapogoa zabibu, na Amosi, na akina mama wanne.

"Amekuja kuiba," Amosi akatangaza. "Hesabuni majembe."

Amosi alikuwa mtu mrefu wa kucheka kwa sauti, anacheka mwili mzima. Nikamjibu nisichokumbuka, nikamgeukia dada yake.

"Mtani, nimekuja na habari. Figo lako la kushoto limeota limao."

"La chumvi au la kawaida?"

"Limao kweli. Mwaka juzi lilikuwa punje ya hindi, mwaka jana zabibu. Sasa limao."

"Eh, hapo ndipo mlipokosea," Sechelela akasema, mkasi wake haujasimama. "Mgogo akiota zabibu mwachieni, ni zao letu. Limao mmepanda ninyi."

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema sasa wamepata la kukamulia kwenye mlenda.

"Nenda hospitali, Sechelela. Nenda Dodoma, ukapigane nao mpaka wakupige picha."

"Na hii?" Akaigusa kanga yake ilipofungwa ile karatasi. "Kurunzi yako imesema kijani, wewe mwenyewe umenipa."

"Kurunzi imedanganya. Kampuni imeiambia idanganye. Si utani."

Ndipo walipocheka kweli. Nilikuwa nimesahau, mimi, mzee mzima: hakuna utani Ugogoni usiopambwa kwa maneno hayo mwishoni. "Mnyamwezi akisema si utani," Amosi akasema akishika mbavu, "funga banda la kuku!" Kadiri nilivyokaza uso ndivyo walivyozidi kuona nimeiva. Nikaanza kusema kwa sauti, na mama mmoja akapiga vigelegele kwa jinsi nilivyokuwa naigiza vizuri.

Nikamshika Sechelela kiwiko, nikamvuta mpaka mwisho wa mstari wa mizabibu, wenzake wakitupigia miluzi. Pale akanitazama vizuri. Uso wake ukabadilika.

"Mhoja," akasema. Hakuwahi kuniita jina kabla ya siku hiyo. "Mgongo unaniuma upande huo. Nilisema ni wa kupogoa. Unanichezea?"

"Sikuchezei."

"Kuna picha?"

Picha ilikuwepo. Ilikuwa mita mia tatu kutoka pale tuliposimama, nyuma ya waya mmoja. Kutoka shambani lori lilionekana lote, na foleni ya siku ile pia: watu mia na zaidi, na mbele kabisa mwanamke amebeba baba yake mzee mgongoni kama mtoto, wametembea siku mbili kutoka Manyoni. Sechelela alingoja. Hakuniharakisha.

"Picha sina," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na uso wake ukarudi ulivyokuwa. "We mzee mbaya," akasema, akanipiga kofi la bega. "Umeniweza. Umeniweza kweli, moyo umekwenda mbio." Akawageukia wenzake akipaza sauti: "Jamani, nilishaanza kugawa urithi!"

Nilifunga lori siku ya tatu yake tukaenda Bahi.

*

Mwaka uliofuata tuliingia Nzogole siku ya Alhamisi. Kulikuwa na foleni, lakini fupi, wageni wa mbali tu. Wenyeji walikuwa msibani.

Amosi alinifuata mpaka kwenye lori. Amekonda, macho mekundu. Alinikumbatia.

"Mungu amekuleta, mtani. Tangu jana tunaomboleza bila mtani, wapo vijana wawili wa Kihehe lakini hawajui kitu, wanasoma utani kwenye simu. Dada mwenyewe alisema, nikifa mtafuteni yule Mnyamwezi mwizi."

"Alikuwa na nini?"

"Nani ajue? Mgongo. Halafu akaanza kukojoa damu. Tukampeleka Dodoma mara mbili, akatoa kijani yake, wakaiangalia, wakasema mama huyu mzima, ni uchovu. Mara ya pili walimgombeza kwa kujaza nafasi ya wagonjwa." Akageuka pembeni akakohoa. "Twende. Wamemtoa nje tayari."

Mtani haji msibani kulia. Kazi yake ni kuvunja kilio, kumsema marehemu, kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu chake, ili wafiwa wacheke kidogo na waweze kusimama tena. Nilipofika walinipisha. Niliona binti yake Sechelela amekaa chini, sauti imemkauka. Niliona wote wananitazama wakinisubiri.

Nikalala chali mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu!" nikasema. "Huyu hajafa. Huyu ameuzwa!"

Wakaanza kutabasamu.

"Ameuzwa picha kwa picha! Mwaka wa kwanza walimwona ana punje figoni, wakampa kijani. Mwaka wa pili hindi, wakampa kijani. Walimlelea uvimbe kama ninyi mnavyolea zabibu, wakimwagilia, wakingoja uive, wapige picha ya mwisho! Na mimi niliona. Mimi Mhoja, nililala na siri hiyo, nikala maandazi juu yake!"

"Maandazi!" mtu akarudia, na kicheko kikapasuka.

"Sechelela aliniuliza, kuna picha? Nikamwambia sina. Ilikuwepo! Nilimwogopa mwenye lori kuliko nilivyomwogopa Mungu!"

"Ile ya limao!" mama mmoja wa shambani akapaza sauti, machozi yanamtiririka, anacheka na kulia kwa pamoja. "Jamani, anaiendeleza ile ya limao!"

Nilisema yote. Niliwataja arobaini na mmoja. Nilimtaja Rwiza na chai yake isiyo na sukari. Nikataja saba wa Nzogole, na kila nilivyosema ndivyo walivyopona. Yule binti alicheka. Alijifunika uso na kanga akacheka, mabega yakitikisika, na shangazi zake wakamshika wakimshukuru Mungu kwamba mtoto ametoa sauti. Mchungaji alicheka akijizuia kwa Biblia. Amosi alicheka kuliko wote, mkono kifuani upande wa kulia, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, na alipoinuka alikuwa bado anacheka.

"Mnyamwezi hachoki," wazee wakasema. "Huyu ndiye mtani."

Wakanipa kuku wangu, jogoo mweupe amefungwa miguu. Desturi ni kuinuka ukishapewa. Nikainuka. Jeneza likapita.

*

Sikwenda makaburini. Nilirudi kwenye lori na yule jogoo kwapani.

Yule mwanamke wa Manyoni alikuwepo tena mbele ya foleni, safari hii na mtoto wake wa kike wa miaka sita hivi. Mzee wake alipewa nyekundu mwaka ule, akapona, akafa baadaye kwa uzee wake mwenyewe. "Baba, shikamoo," akaniambia. "Mtafungua saa ngapi? Mtoto anashika sana tumbo."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Sikumtazama mtoto.

Nikaingia nyuma, nikafunga mlango, nikachukua koleo la nyaya. Sitasema nilifikiri sana. Mwaka mzima nilikuwa nimefikiri, na kufikiri kulimfikisha Sechelela pale alipofika. Nikakata.

Taa ya buluu ikazimika. Kioo cha fundi kikaniandikia kwamba mtambo unajifunga, sekunde mia na themanini. Nikaamuru chapa, mfululizo wote, rangi halisi. Printa ya kurunzi ni ya pole, ilitengenezwa kwa mtu mmoja kila dakika nane. Ikatoa nyekundu ya kwanza, picha na jina, mtu wa Kintinku. Ya pili, Bahi. Simu yangu ikaanza kulia, jina la Daktari Rwiza, nikaiacha ilie. Ya tisa. Ya kumi na moja ilikuwa ya Sechelela, mwaka wa tano, picha iliyochukuliwa na gari jingine la Kampuni miezi miwili kabla hajafa. Hata mimi sikujua kwamba walirudi. Ya kumi na nane. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Amosi. Nikaichomoa ikiwa bado ya moto.

Kwenye ya ishirini na tatu printa ilikoroma ikasimama. Kipoza hewa kikanyamaza, taa za pete zikafa moja moja kutoka chini kwenda juu. Kumi na nane walibaki ndani. Sijui majina yao. Nayajua ya Nzogole tu, na hata hayo, siku ile ya kioo, sikuyashika yote.

Nje nikasikia watu wa foleni wakiulizana umeme umefanya nini.

Nilipita katikati yao nikaenda kwenye msiba. Walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wananawa mikono, wanawake wanapakua ugali wa uwele. Amosi aliponiona nakuja akaanza kucheka kabla sijafika.

"Haya, amerudi! Kuku mmoja hakumtosha. Leteni na beberu!"

Nikampa karatasi yake nyekundu.

Nilikuwa na maneno. Tangu kwenye lori nilikuwa nayapanga, pafu la kulia, mwaka wa pili sasa, nenda leo, nenda na karatasi hii usikubali kurudishwa. Lakini wote walikuwa wameacha kula, wamegeuza nyuso, meno nje, tayari. Nikaona kwamba neno lolote nitakalotoa mimi, liwe lipi, watalicheka. Nikafunga mdomo.

Amosi aliitazama karatasi. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Akasoma jina lake kwa kidole. Akaniangalia usoni akingoja nimalize mchezo, kicheko kikiwa bado kimemkaa mdomoni, hakina pa kwenda.

"Sema basi," akasema.

Sikusema.

"Mtani." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sema kitu."